Naomba ushauri: uniti mbili kuunganishwa, wanaorudia waende wapi?

Hamjambo walimu na wenzangu wa kamati za mitaala. Hapa Kisumu tunapitia mapendekezo ya idara kabla hayajapelekwa seneti ya chuo, na moja limetukwamisha.

Idara ya hisabati inataka Takwimu I na Takwimu II, kila moja saa 45, ziwe uniti moja ya saa 60: saa 45 za mihadhara na 45 za maabara, kwa kuwa kwetu saa tatu za maabara huhesabiwa saa moja ya mhadhara. Hesabu iko sawa. Tatizo ni kwamba Takwimu I ni sharti la uniti nyingine tatu, moja ikiwa ya kitivo cha elimu. Kwenye fomu, sehemu ya "idara zinazoathirika" imeachwa wazi (ndiyo huachwa wazi kila mara).

Tumepanga matokeo ya ujifunzaji ya zamani na mapya kwenye jedwali. Mada ya regresheni imebaki, mbinu za usampulishaji (kuchagua sampuli) zimetoweka. Elimu tumewaandikia memo, kimya.

Naomba kujua:

Uniti mpya ipewe msimbo mpya, au ibaki na ule wa Takwimu I? Ukibaki, msimbo mmoja utabeba saa tofauti kwenye transkripti. Ukibadilishwa, mfumo wa usajili utawazuia wanaofuata sharti la zamani.

Na aliyefeli Takwimu II pekee, afanye uniti mpya nzima au atungiwe mtihani wa mtaala wa zamani, na kwa muda gani?

Mwenye kifungu cha mpito (cha wanafunzi walioanza na mtaala wa zamani) ambacho seneti haikukirudisha, tafadhali atuwekee hapa.