Gundi ya maji au ya kiyeyushi: klabu iwabane wanachama wote?

Mleta mada

Wadau wa tenisi ya meza, hili jambo limekuwa likizunguka pembeni mwa meza muda mrefu, bora tulijadili wazi. Tangu 1 Septemba 2008, mara tu baada ya Olimpiki ya Beijing, ITTF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ilizifungia njia gundi za kubandikia raba kwenye ubao wa raketi zenye viyeyushi vinavyotoa mvuke wenye madhara. Anayecheza mashindano ya shirikisho hilo hana la kubishana. Lakini wengi wetu raketi zetu hazitapimwa hata siku moja. Tunacheza jioni, tunatoka jasho, tunarudi nyumbani. Je, klabu ina haki ya kumwambia mtu wa namna hiyo aache gundi yake yenye harufu ya solusheni ya pancha, atumie ile nyeupe ya maji?

Mimi nasema ndiyo, na wala siegemei jina la ITTF. Mvuke haumchagui aliyepaka. Toluini na heptani zikishapanda hewani kwenye ukumbi uliofungwa madirisha ili upepo usisumbue mpira, kila mtu anavuta, akiwemo yule ambaye raba zake amebandikiwa tangu mwaka jana. Kanuni za kimataifa zinataka itengwe sehemu yenye hewa ya kutosha kwa ajili ya kubandika, na gundi yoyote iliyo kimiminika isitumike mahali pengine popote ukumbini. Wachezaji wakubwa wanatengewa sehemu yao, sisi tunafungulia kopo kwenye benchi ambalo watoto wamekalia.

Mkongwe

Mkuu, unaongea kama mtu ambaye hakuwahi kuusikia ule mlio. Miaka ya 1970, na wanaotajwa sana ni Dragutin Šurbek wa Yugoslavia na Tibor Klampár wa Hungaria, wachezaji waligundua kwamba gundi ya kuzibia pancha za baiskeli inafanya zaidi ya kushika. Kiyeyushi kinaingia kwenye sponji iliyo chini ya raba, sponji inavimba, raba ya juu inavutika na kukaza. Mpira ukigusa unaruka kwa kasi na mzunguko ambao mkono wako peke yake hauutoi. Kiyeyushi kikiisha, sponji inanywea, unapaka tena kabla ya mechi nyingine. Hiyo ndiyo gundi ya kasi, na hiyo ndiyo iliyostahili kupigwa marufuku, sibishi.

Ninachobishia ni kuchanganya mambo. Mtu akipaka tabaka moja jembamba la gundi ya kiyeyushi nyumbani kwake, akaiacha raketi mahali penye hewa siku tatu, anapofika ukumbini mvuke umeshaondoka. Analeta ubao na raba. Klabu inamzuia nini?

Kocha wa watoto

Na hizo siku tatu atazihesabu nani, mzee wangu? Kwa heshima zote, nawajua wachezaji. Raba inabanduka pembeni dakika kumi kabla ya mechi, mtu anatoa kichupa mfukoni. Na mtoto wa miaka kumi anaangalia, kesho naye anataka "ile gundi ya wakubwa". Mimi sitaki kumweleza mzazi kwa nini mwanawe karudi mazoezini na kichwa kinamuuma.

Halafu tuseme ukweli kuhusu gundi ya maji: wengi wanaoilaumu hawana subira. Unapaka kwenye sponji kwa kipande cha sifongo, jembamba, unasambaza kuelekea upande mmoja bila kurudiarudia, maana ikianza kukauka ukaipitia tena inajikunja vidonge. Sponji yenye matundu makubwa inainywa, kwa hiyo inahitaji tabaka la pili. Ubao unatosheka na moja. Kisha unangoja. Nyeupe yote ipotee, ibaki angavu kabisa, ndipo unakutanisha. Ukikutanisha ikiwa bado na weupe umeyafungia maji ndani, na hapo utapata mapovu, ubao utalowa, halafu utakuja hapa kusema gundi ya maji haifai. Siku ya kubandua unaisugua kwa kidole gumba, inatoka kama ngozi. Mtoto anaweza kuifanya kazi yote hiyo mwenyewe, mimi nikiwa upande wa pili wa ukumbi.

Fundi

Inatoka kwenye sponji, sawa. Kwenye ubao laini inatoka na nyuzi za mbao. Nimeona ubao wa hinoki, mti laini wa Japani, umechunika vipande kwa sababu gundi ya maji ilishika kuliko mbao zenyewe zinavyoshikana. Kabla ya kubandika mara ya kwanza pakeni vanishi, kiasi kidogo sana, ikauke. Na mnapobandua fuateni mkondo wa nyuzi, taratibu. Anayevuta kwa hasira asilaumu kopo.

Zile sponji ngumu ambazo tabaka la gundi limeshawekwa kiwandani nazo zina ukaidi wake. Maji yanajikusanya matone juu yake badala ya kutandaa. Hapo gundi ya kiyeyushi inashika mara moja, na klabu ikiifungia kabisa iwe tayari kutuelekeza la kufanya.

Mtumia vipele virefu

Mbona mnatusahau? Raba ya vipele virefu isiyo na sponji ukiipaka gundi ya maji inajikunja ikiwa bado mkononi. Sisi tunatumia karatasi ya gundi ya pande mbili: hakuna mvuke, hakuna kusubiri, hakuna ugomvi. Na tafadhali, yule anayeuliza kila mara kuhusu gundi ya viatu na supa gluu: utabandika mara moja tu, ya kubandua haitakuwepo.

Mbishi wa busta

Mnapigana na adui aliyekwisha kufa. Kazi ya kuvimbisha sponji ilihamia kwenye busta, mafuta yanayopakwa chini ya sponji na kuachwa yanywewe. Hayana harufu ya kukimbiza mtu na hayaruki hewani haraka, kwa hiyo kile kifaa cha kunusa mvuke kinachopima raketi mashindanoni kinaweza kisione kitu. Sheria inasema raba itumike bila kutendewa lolote, la kemikali wala lingine. Sheria hiyo nayo mtailetea mlinzi mlangoni? Kilichobaki kupima ni unene, maana raba yenye sponji pamoja na gundi yake haitakiwi kuzidi milimita 4.0, na ubapa wa raba. Anayejua kupaka anapita hapo akipiga mluzi.

Wenye viwanda nao waliliona mapema. Butterfly walileta Tenergy mwaka 2008 huohuo, raba ambayo mkazo wake unatengenezwa kiwandani. Kwa hiyo anayetaka kasi hahitaji gundi ya kiyeyushi tena. Wanaoing'ang'ania wanang'ang'ania mazoea.

Mkongwe

Mazoea na urahisi, kaka. Kukauka dakika chache si jambo dogo.

Mleta mada

Mkongwe amenisogeza kidogo. Sina hoja ya kumfuata mtu nyumbani kwake, na sipendi klabu inayopekua mikoba. Basi nalipunguza pendekezo: hakuna kopo la gundi ya kiyeyushi kufunguliwa ndani ya ukumbi wala varandani, kwa mtu yeyote, awe bingwa au mgeni. Klabu iweke chupa moja ya gundi ya maji na vipande vya sifongo kwa ajili ya dharura, ili anayebandukiwa na raba asiwe na kisingizio. Fundi, zile sponji ngumu zibandikwe nyumbani.

Kuhusu busta sikubaliani na kulichanganya humu. Huo ni udanganyifu wa mchezo, unamuumiza mpinzani kwenye matokeo. Gundi ya kiyeyushi inamgusa hata mwenye kufagia ukumbi, ambaye hachezi kabisa. Kila moja ina kikao chake.

Ila Mkongwe, hujajibu swali la kocha. Raba imebanduka, mechi imebaki dakika kumi, kichupa kiko mfukoni. Unamruhusu au unamtoa nje?