Mtoto wa kunyonya kukatiwa tiketi ya uwanjani: ni usalama au ni ulafi tu?

Wadau, nina hasira na sina mpango wa kuipoza. Mtu anieleweshe: mtoto ambaye hajaota hata jino, amefungwa kifuani kwa mama yake, usingizi ulishamchukua tangu nje ya geti, huyo anakalia kiti kipi hicho mnachomuuzia?

Kisa chenyewe kifupi. Tumefika getini mimi na mke wangu, tiketi zetu mbili mkononi, mtoto kabebwa. Kijana wa geti akaskani yangu, akaskani ya mke wangu, kisha akamnyooshea kidole mtoto: "Na ya huyu?" Nikacheka, nikidhani ni utani. Akaitwa msimamizi, naye akaja na maneno ya kukariri: kila kichwa na tiketi yake, ni mambo ya usalama. Kwenda dirishani, tiketi za jukwaa letu zimekwisha. Dawa waliyonipa ni kununua kiti cha upande wa pili wa uwanja. Yaani mtoto kiti chake kule, ziwa analonyonya huku! Nikalipa, maana mechi ilikuwa inaanza. Nilipolipa tu, wakaturuhusu tukae naye palepale tulipokuwa tumepanga kukaa.

Hapo ndipo waliponimaliza. Kama tatizo lilikuwa jukwaa letu kujaa, mtoto wangu angelizidisha kabla ya kulipa na baada ya kulipa vilevile. Uzito wake haukupungua pale dirishani. Kilichobadilika ni kwamba pesa yangu ilihama mfuko.

Na asije mtu hapa kuniambia nabeza usalama. Ukisikia msongamano wa uwanja wa Hillsborough kule Uingereza, 1989, watu 97 waliokwenda kuangalia mpira wakapoteza maisha, huwezi kuchezea habari ya kuhesabu watu uwanjani. Najua pia kwamba idadi ya watu jukwaani haiendani na viti peke yake, inaendana na njia za kutokea. Kule Uingereza mwongozo wa usalama wa viwanja unataka watu waweze kutoka jukwaani ndani ya dakika 8 mechi ikiisha. Sawa. Mtoto wa mgongoni anatoka kwa miguu ya mama yake, ila mhesabuni, kwa sababu likitokea la kutokea waokoaji wajue wamo wangapi. Mhesabuni! Nani amekataa? Kuhesabu na kutoza ni mambo mawili, na hawa watu wanayachanganya makusudi.

Angalieni ndege. Hakuna chombo chenye masharti ya usalama kama ndege, lakini mtoto wa chini ya miaka 2 anapakatwa, anaandikwa kwenye orodha ya abiria, na kwa safari za kimataifa mara nyingi analipiwa kama asilimia 10 tu ya nauli ya mtu mzima. Hapewi kiti, kwa hiyo hauziwi kiti. Uwanja unashindwa nini kutoa tiketi ya sifuri? Unakata tiketi yako mtandaoni, unabonyeza sehemu ya "nina mtoto wa kupakata", unapewa karatasi yake isiyo na namba ya kiti, getini anaskaniwa kama mtu mwingine yeyote. Ameshahesabiwa. Kwisha.

Tena huu ugomvi si mpya, ndiyo maana unaudhi. Olimpiki ya London watu waliomba tiketi kuanzia Machi 2011, michezo yenyewe ikaanza Julai 2012. Piga hesabu: mwanamke aliomba tiketi, akashika mimba baadaye, akajifungua, na bado michezo haijaanza. Halafu anaambiwa mtoto naye anahitaji tiketi, wakati tiketi za kugombaniwa. Angeikata lini, kabla hajamjua? Kina mama walipiga kelele mpaka Januari 2012 waandaaji wakalegeza masharti kwa watoto wasiozidi mwaka mmoja. Lakini Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi mtoto wa umri wowote alitakiwa awe na tiketi, na Paris 2024 ikawa ileile, kila mtu na tiketi yake hadi kichanga. Wakubwa hawajifunzi, au wamejifunza kwamba tunalipa.

Usalama wa kweli wa mtoto uwanjani unaonekana kwa macho. Septemba 2017, New York, mtoto mdogo wa kike alipigwa usoni na mpira wa besiboli uliotoka kwa kasi kwenye gongo. Kilichofuata ni kwamba kufikia msimu wa 2018 timu zote 30 za ligi kuu ya besiboli ya Marekani zilikuwa zimerefusha nyavu za kukinga watazamaji. Wavu ndio ulinzi, si kikaratasi. Na kelele je? Uwanja wa Arrowhead pale Kansas City, Marekani, kelele za mashabiki zilipimwa zikafika desibeli 142.2 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) mwaka 2014. Kwa sikio la mtoto huo ni ukatili. Kwa kiti nilichomlipia mwanangu bila yeye kukikalia, si wangenipa hata vikinga masikio?

Mtoto mkubwa ni habari nyingine, sina ugomvi. Akishajua kukaa kwenye kiti chake na kudai nafasi ya miguu, alipiwe, hata kama kwa bei ya watoto. Najua pia kuna wazazi wenzangu wanaompakata jitu la miaka saba na kuapa kwamba bado linanyonya. Ndiyo maana viwanja vingine Marekani vinapima kimo badala ya kubishana umri: ukizidi alama, lipa. Naona ni haki kuliko kumwachia kijana wa geti aamue kwa sura.

Na nyie mnaojiandaa kuandika "mtoto wa miezi mitano aachwe nyumbani", anzeni kutuambia anaachwa na nani na anakula nini, kwa sababu chakula chake kimeingia uwanjani kuangalia mpira. Mama hajafungwa jela kwa kuzaa.

Ninachotaka ni masharti ya watoto yaandikwe pale pale kwenye ukurasa wa kununulia tiketi, kabla sijalipa, si nikutane nayo getini wakati timu zinaingia. Na kama kuna mtu humu alishawahi kudai hela ya tiketi ya namna hii akarudishiwa, aseme alimwandikia nani na alianzaje, maana barua yangu naituma kesho.