Kusoma Kiindonesia na masomo ya chuo kule Yogyakarta, semista mbili: nijipange vipi?

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nimepata nafasi ya kubadilishana wanafunzi, nakuja Yogyakarta mwezi wa 8, niko mwaka wa 3 nasoma uhusiano wa kimataifa na chuo changu kimekubali masomo ntakayofaulu huko yahesabiwe huku. Kiindonesia sijui hata salamu. Fomu inataka nichague masomo sasa hivi na mengi naona yanafundishwa kwa Kiindonesia tu. Nichukue mangapi? Na lugha nianzie wapi maana kila nnachopata mtandaoni kinaelezwa kwa Kiingereza. Mwisho wa fomu ni Ijumaa, naombeni msaada.
Mdogo wenu, Dodoma

---

Marahaba mdogo wangu, hongera sana. Mi niko Jogja (wenyewe ndo wanavyoita) mwaka wa 3 sasa, nlikuja kwa Darmasiswa, ule mpango wa serikali yao ulioanza 1974, unasoma lugha mwaka mzima bila digrii, alafu nikabaki kusoma masters.

Kwanza lugha. Nakuomba sana usijifunze Kiindonesia kwa kupitia Kiingereza, pitia Kiswahili. Nlipoteza miezi miwili natafsiri kila kitu kichwani kwenda Kiingereza kwanza ndo nielewe, siku nlipoacha mambo yakafunguka. Angalia neno ajar. Belajar ni kusoma, mengajar kufundisha, pelajaran somo, pelajar mwanafunzi, pengajar anayefundisha. Si ndo kama soma, somo, somesha, msomi? Beli ni nunua, membelikan ni kumnunulia mtu. Darasani wenzangu kutoka Ulaya hiyo -kan iliwatesa wiki nzima, mi nikaona hii ni nunua na nunulia, basi. Kamusi nayo ni hivyohivyo, "anaandika" huitafuti kwenye A, na menulis utaitafuta kwenye tulis, ile t imemezwa na kiambishi. Kirim inakuwa mengirim, sapu inakuwa menyapu. Shika hizo herufi zinazomezwa (k, p, s, t) mapema kabla hujabeba maneno mengi.

Alafu kuna sudah na belum. Mama mwenye nyumba ananiuliza kila jioni "sudah makan?" yaani umeshakula, najibu "belum", bado. Neno moja tu kama kwetu. Mzungu anajibu tidak, hapana, na hapo inasikika kama vile hataki kula kabisa.

Matamshi hayatakusumbua, c ni ch, na ng yao ni ile ya ng'ombe, kwaiyo bunga (ua) inasomwa bung'a, wakitaka ng ya ngoma wanaandika ngg, kama minggu, wiki. Maneno mengi utayakuta unayo tayari: kamus, kertas, sabun, waktu, meja, bendera, na "apa kabar" ni habari gani. Ila usiamini kila unachokitambua. Dada ni kifua, kuku ni kucha, sana ni kule, kata ni neno. Na neno "sisi" wanayo mawili, kita inamchukua na unayeongea naye, kami inamwacha nje, hapo Kiswahili hakikusaidii itabidi ukae nalo tu.

Heshima ndo muhimu kuliko sarufi yote. Mwalimu ni Pak au Bu, kijana aliyekuzidi kidogo ni Mas, binti ni Mbak, usimwite mtu mzima kamu hata kitabu kikisema kamu ni wewe. We umelelewa kwetu unajua huwezi kumwambia rika la mama yako "wewe" mkavu, basi fuata malezi yako tu.

Saa. Jam 7 yao ni saa moja yetu, hiyo utazoea, soma kama simu inavyoandika. Kazi iko kwenye nusu. Setengah delapan, neno kwa neno nusu nane, ni 7:30 na SIO 8:30. Wiki ya pili nliambiwa jaribio ni setengah delapan, nikafika 8:10 najiona nimewahi, nafungua mlango nakuta wenzangu wanakusanya karatasi. Sikupewa kurudia na zile alama zilinigharimu mpaka mwisho wa semista. Uliza kila mara, andika kwa tarakimu, mwonyeshe mtu.

Masomo: semista ya kwanza chukua lugha (wanaita BIPA) na masomo mawili tu yanayofundishwa kwa Kiingereza. Usijaze.
Dada yenu, Jogja

---

Salaam wote. Mi niko Malang, mji mwingine wa kisiwa hikihiki cha Jawa, nakubaliana na dada karibu yote ila hapo kwenye masomo hapana. Achukue moja la Kiindonesia tangu mwanzo, hata kama haelewi nusu yake. BIPA wanakufundisha tidak (hapana) na bagaimana (vipi), ukitoka nje unasikia nggak na gimana, alafu mwalimu anachomekea Kijawa darasa zima linacheka we umekaa. Sikio halizoei bila kukaa mule ndani. Tafuta somo lenye kazi nyingi za kuandika nyumbani kuliko mtihani, maana kuandika una muda wa kamusi.

Mengine haraka. Viza ya masomo iombwe kupitia ofisi ya kimataifa ya chuo kinachokupokea, usije na ya utalii. Chumba (kos) usilipie ukiwa nyumbani, njoo ukione kwanza. Umeme kos nyingi ni token, LUKU kabisa. Maji ya kunywa ni galon ya lita 19. Chakula usiogope, nenda mgahawa wa Padang omba gulai daun singkong, ni kisamvu cha nazi, mi siku ya kwanza nlinyamaza nikala nikakumbuka nyumbani Tanga. Unga wa tapioka usijaribu kuusongea ugali, ni wanga mtupu, utapata gundi.
Kaka, Malang

---

Kaka yuko sahihi, nabadilisha: BIPA, mawili ya Kiingereza, moja la Kiindonesia, ila mwombe mwalimu ruhusa kabla.
Dada yenu, Jogja

---

Asanteni mno. Nimechagua siasa za Asia ya Kusini Mashariki. Nimeandika hivi nimtumie mwalimu: "Halo, saya mau ikut kelas kamu." Iko sawa?
Dodoma

---

Inaeleweka (nataka kuingia darasa lako wewe) ila ni kama kuingia bila hodi. Tuma hivi:

"Selamat pagi, Bu. Mohon maaf mengganggu waktu Ibu. Saya mahasiswa pertukaran dari Tanzania. Apakah saya boleh mengikuti kelas Ibu semester depan? Bahasa Indonesia saya masih sedikit, tetapi saya mau belajar. Terima kasih banyak, Bu."

Yaani umesalimia, umeomba radhi kwa kumsumbua, umejitambulisha, ndo umeomba. Akiwa mwanaume weka Pak na Bapak. Alafu usisubiri Ijumaa, siku hiyo mchana watu wako kwenye swala. Tuma kesho Alhamisi kabla ya saa moja asubuhi ya Dodoma, huku itakuwa haijafika adhuhuri.
Dada yenu, Jogja