Naomba ushauri: mkanda wa fedi juu ya sikio haufutiki

Mwanzisha mada, Mtwara Mjini
Ndugu vinyozi, habari za kazi. Nina saluni ya kiume maeneo ya Chikongola, na kazi hii ndiyo inayoilisha familia yangu. Kunyoa kipara na kuchonga ndevu hakunisumbui. Linalonishinda ni fedi, yaani mtindo wa nywele fupi sana chini zinazorefuka taratibu kuelekea juu, kwa vijana wenye nywele za kipilipili, kwa sababu kila ninapotoka namba 1 kwenda namba 2 (vile vitana vinavyovishwa kwenye meno ya mashine) unabaki mkanda mweusi juu ya sikio, na nikiufuatilia, upara unazidi kupanda. Msimu wa korosho unakaribia na wateja wataongezeka. Je, nibadili mashine au nibadili mkono?

Kinyozi wa Mikindani
Mdogo wangu, fedha ya mashine mpya iweke kwanza. Namba 1 huacha nywele za takriban milimita 3 na namba 2 milimita 6, kwa hiyo urefu unaongezeka maradufu kwa mkupuo mmoja, na mkanda unaouona ndio pengo lenyewe. Pengo hilo huzibwa kwa leva iliyo ubavuni mwa mashine: ikifungwa, meno hukata karibu zaidi na ngozi, ikifunguliwa, huacha nywele ndefu kidogo. Ukishapita na namba 2 juu, ivishe mashine namba 1 leva ikiwa wazi, uguse mkanda huo tu, halafu uifunge kidogo kidogo kadiri unavyoshuka. Kazi kubwa ni ya kifundo cha mkono: meno yakifika kwenye mkanda, yainue yatoke nje ya kichwa kama mtu anayechota, kwa maana ukiyalaza yakaifuata ngozi hadi juu, utakuwa umechora mkanda mwingine. Wala usitumie upana wote wa meno, kona inatosha.

Mdau wa Lindi
Nakubaliana na kaka wa Mikindani, ila kwa nywele za kipilipili kuna jambo linalotangulia. Zikiwa zimejisokota huficha urefu wake. Unadhani umemaliza, kumbe mteja akienda kuoga mkanda unajitokeza tena. Zioshe, zikaushe vizuri, zichane kwa kitana cha meno mapana kutoka ngozini kwenda nje, ndipo uwashe mashine, na katikati ya kazi uzichane tena. Kagua na meno ya mashine pia, kwani hewa yetu ya pwani ina chumvi, kutu huingia upesi, na meno butu huvuta nywele badala ya kuzikata. Yapige brashi na kuyatia matone mawili matatu ya mafuta ya mashine kila siku.

Mwanzisha mada
Nashukuru sana, kaka zangu. Sasa nifanyie wapi mazoezi bila kuharibu kichwa cha mteja aliyelipia fedi?

Kinyozi wa Mikindani
Kwa mteja wa kipara. Mwombe ridhaa kabla hujaanza, mnyoe fedi kamili upande mmoja, uikague kwenye mwanga wa mlangoni, kisha uondoe nywele zote kama alivyotaka. Mzee mwenye haraka mwache. Vijana wengi hukubali, hasa ukiwapunguzia bei.