Acheni kutujibu "ya Mjerumani ni chuma": tunauliza injini gani na giaboksi gani

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Kila mtu akiomba ushauri kabla ya kununua hachibaki (gari dogo lenye mlango wa nyuma unaofunguka juu) ya Ulaya iliyotumika, iwe Golf, Focus au Peugeot 208, majibu ni yaleyale: "ya Mjerumani ni chuma", "ya Mfaransa usiguse", "mimi ninayo huu mwaka wa tano haijanisumbua". Muuzaji naye anaitikia hivyohivyo. Hakuna anayeuliza ina injini ipi, giaboksi ipi, oili ilimwagwa lini. Mtu anatoa akiba yake yote kwa majibu ya namna hiyo, injini inanoki hata hajamaliza deni, na waliomshauri wamekaa kimya.

Nembo ya kwenye boneti haikwambii kitu. Chukueni Golf 6, iliyotengenezwa kuanzia 2008 hadi 2012. Kwa nje ni gari lilelile. Ukifungua boneti unaweza kukuta 1.6 ya valvu nane isiyo na turbo, injini ya kizamani, nzito kidogo kupanda mlima lakini haina makuu. Unaweza pia kukuta 1.4 TSI ya familia ya EA111, ambayo cheni yake ya taimingi (inayozifanya valvu ziende sambamba na pistoni) inajulikana kwa kurefuka, na ile yenye turbo na supachaja (pampu nyingine ya kusukuma hewa ndani ya injini) kwa pamoja ina sifa mbaya ya pistoni kuvunjika. Golf 7 ilipoingia 2012, Volkswagen wakaleta injini mpya za petroli za familia ya EA211, na cheni ile wakaiacha, wakarudi kwenye mkanda. Sasa anayekujibu "Golf haina shida" anazungumzia ipi kati ya hizo?

Giaboksi ndiyo inanipandisha hasira zaidi, maana wauzaji wanaandika "otomatiki" halafu basi. DSG, otomatiki ya klachi mbili ya Volkswagen, si moja! Ile ya gia sita, DQ250, klachi zake zinaogelea kwenye oili, na oili hiyo hubadilishwa kila kilomita 60,000. Ile ya gia saba iliyofungwa kwenye injini ndogo, DQ200, klachi zake ni kavu, na ina kitengo cha umeme na haidroliki kinachoitwa mekatroniki ambacho kikifa gari linasimama popote lilipo. Mwaka 2013 Volkswagen waliita magari yao milioni 1.6 duniani wabadilishe oili ya giaboksi hiyo, kutoka sintetiki kwenda ya madini, kwa sababu ya hitilafu za umeme. Hili ni jambo la wazi, limeandikwa kila mahali. Muuzaji wa magari, kazi yake ya kila siku ni hiyo, anawezaje kuniambia hajui gari lake lina gia sita au saba?

Na msidhani ni Volkswagen peke yao. Ford nao walikuwa na PowerShift, nayo otomatiki ya klachi mbili kavu, kwenye Focus na Fiesta, gari linatetemeka likianza kuondoka. Wateja walipolalamika wakaambiwa tatizo ni namna wanavyoendesha. Mwaka 2018 mahakama ya Australia iliipiga Ford faini ya dola milioni 10 za huko kwa jinsi ilivyowatendea wateja hao. Someni tena: mwenye gari bovu anaambiwa yeye ndiye hajui kuendesha. Na leo muuzaji akisikia gari linatetemeka kwenye majaribio anakwambia vilevile, "hujalizoea, ndugu yangu".

Sasa tuje kwenye mkanda unaozunguka ndani ya oili. Hapa naomba kila anayetaka gari la Ulaya la kuanzia 2012 asome taratibu. Ford 1.0 EcoBoost ilichaguliwa injini bora ya mwaka kimataifa 2012, 2013 na 2014, mfululizo. Matoleo yake ya mwanzo yana mkanda wa taimingi unaolowa oili, na kitabu kinasema uende miaka 10 au kilomita 240,000. Peugeot na Citroën wakaja na 1.2 PureTech ya silinda tatu, wazo lilelile. Kinachotokea ni kwamba petroli inachanganyika na oili, hasa kwa gari la safari fupifupi lisilopata moto wa kutosha, mkanda unavimba, unapasuka, unaanza kumomonyoka. Zile chembechembe zinashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la pampu ya oili. Injini inakosa oili huku stiki ya kupimia inaonyesha oili imejaa! Kwenye PureTech, uchafu huo unafika hadi kwenye vakuamu pampu ya breki (inayosaidia breki kuwa nyepesi), pedali inakuwa ngumu mguuni. Hilo si suala la fedha tena, ni uhai wa watu waliomo ndani.

Watengenezaji walijua. Muda wa kubadili mkanda wa PureTech ulishushwa hadi miaka 6 au kilomita 100,000, na mwaka 2024 Stellantis, kampuni mama ya Peugeot na Citroën, wakatangaza kugharamia injini hizo hadi miaka 10 au kilomita 175,000, kwa sharti kwamba sevisi zimefanywa kwa ratiba na zina ushahidi. Wewe mnunuzi wa tatu, mwenye gari lisilo na hata risiti moja, sharti hilo utalitimizaje? Ndiyo maana muuzaji akikwambia "karatasi zilipotea" unapaswa kuhesabu kwamba mkanda haujawahi kubadilishwa, na bei ishuke kwa kiasi hicho, au uondoke. Tena PureTech ina nafuu moja: ukifungua kifuniko cha kujazia oili unauona mkanda kwa macho yako, na kuna kifaa maalumu cha kupimia upana wake. Ukiona nyufa au nyuzi zinatoka pembeni, gari hilo halihitaji mjadala.

Lililonifanya nifungue uzi huu ni hili. Kuna muuzaji niliyempigia simu, tukakubaliana asiwashe gari mpaka nifike. Nafika, naweka mkono kwenye boneti, inachoma. "Nililisogeza tu." Nikamwambia nitarudi asubuhi, akanifokea mbele za watu kwamba mimi si mnunuzi, nimekuja kumpotezea muda. Wakuu, injini ikiwashwa ya baridi ndipo inaposema ukweli. Cheni iliyolegea inagonga sekunde chache za mwanzo kisha inanyamaza oili ikipanda. Moshi wa bluu wa sili za valvu unatoka hapo hapo. Likishapata moto, nusu ya maradhi yamejificha. Anayelipasha gari moto kabla mteja hajafika, baada ya kuahidi kinyume chake, anaficha kitu, na sitaki kusikia mtu akimtetea hapa.

Sikuishia hapo, nilichomeka kisomeo changu kidogo cha OBD, mfumo wa gari wa kujipima hitilafu. Hakuna kodi (namba ya hitilafu) hata moja, safi kabisa. Ila vipimo vya ndani vya kompyuta, vile vya katalaiza na sensa za oksijeni, vyote vilikuwa vinaonyesha havijakamilika. Maana yake kumbukumbu zimefutwa karibuni au betri imechomolewa, na gari halijatembea vya kutosha kujipima upya. Huu mchezo wa kufuta kodi dakika chache kabla ya mteja kufika umeenea mno, na wengi wananaswa kwa sababu wanaangalia taa ya injini tu kwenye dashibodi. Magari mapya ya petroli Ulaya yalilazimishwa kuwa na mfumo huu wa kujipima tangu 2001, kwa hiyo karibu kila hachibaki utakayoiangalia inao. Kisomeo ni kitu kidogo cha kuchomeka chini ya usukani. Kitumieni! Msiangalie kodi peke yake, angalieni vile vipimo.

Kilomita nazo. Bunge la Ulaya lilipolijadili suala hili mwaka 2018, makadirio yaliyotajwa yalikuwa kwamba odometa (mita za kuhesabu kilomita) zimechezewa kwenye asilimia 5 hadi 12 ya magari yaliyotumika yanayouzwa ndani ya nchi, na asilimia 30 hadi 50 ya yale yanayovuka mpaka. Kuvuka mpaka ndiyo hali ya wengi wetu. Gari likitoka Uingereza, namba yake ya usajili ya huko inakuonyesha bure mtandaoni kilomita, au tuseme maili, zilizoandikwa kila mwaka kwenye MOT, ukaguzi wa lazima wa magari wa huko. Ubelgiji wana Car-Pass, hati ya kumbukumbu za kilomita, tangu 2006. Kwa hiyo muuzaji anayekataa kutaja namba ya zamani ya usajili au ile namba ya chasi ya herufi na tarakimu 17, anakataa kwa sababu. Mimi simpi muda wangu tena.

Bodi, rangi, viti, hivyo mtaviona wenyewe. Tazameni tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT kwenye tairi, wiki na mwaka lilipotengenezwa, mkaone kama matairi "mapya" ni mapya.

Ninachodai ni kidogo. Wauzaji mnaopita hapa: kwenye tangazo andikeni namba ya aina ya injini, aina ya giaboksi na tarehe ya mwisho ya mkanda au cheni, na mwacheni mnunuzi awashe gari likiwa la baridi akiwa na fundi wake. Kama mmenunua gari bila kujua hayo, andikeni kwamba hamjui. Na nyie mnaotoa ushauri, kabla hujaandika "hiyo chukua tu", muulize mwenzio injini gani. Wenye PureTech na EcoBoost za mkanda, piga picha ya mkanda wako kupitia kifuniko cha oili kama unaonekana, weka hapa pamoja na kilomita na tarehe za sevisi. Naanza kuzikusanya kwenye uzi huu leo.