Miti na nyasi mtaani vinasaidia afya kweli, ama ni mambo ya matajiri wa Kololo?

mpangaji_namuwongo
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Huku kwetu Namuwongo, Kampala, upande wa chini kuna kauwanja kamebaki, si kakubwa, labda mizigo kumi hivi, yaani vyumba vya kupangisha, ingeenea pale. Watoto wanachezea mpira, wamama wanaanika nguo, kuna mwembe mmoja wa zamani na kona moja ya kavera, mifuko ya plastiki, na takataka. Sasa kwa kikao cha LC1, baraza la mtaa, watu wamegawanyika, wengine wanataka zijengwe lokapu, vyumba vya maduka, zone ipate hela, wengine wanasema tupande nyasi na miti, tuweke mabenchi tukae kama watu. Mimi sijui nisimame wapi. Redioni wanasema kijani ni afya, lakini afya gani hiyo na mfereji unafurika mlangoni na mtu hajala? Anayejua anieleze, ila maneno ya semina hapana.

boda_wa_kalerwe
Jengeni lokapu bwana. Miti ni mbu na wezi, basi. Kwetu kulikuwa na kichaka, saa mbili usiku ukipita pale simu imeenda. Alafu Bwaise si wako na kijani kibao, kinamasi cha Lubigi chote kile mafunjo, mbona mvua ikinyesha magodoro yanaelea?

nesi_wa_usiku
Boda wangu taratibu kwanza. Mbu wa malaria anataga kwa maji yaliyosimama, hasa vidimbwi vya wazi vinavyopigwa na jua, na yule mwingine wa kelele za usiku anapenda mifereji michafu, kwa hiyo ukitaka kupigana na mbu anza na maji, mwembe umuache. Na hiyo Lubigi unayoisema, shida si mafunjo, shida ni udongo uliomwagwa juu ya mafunjo watu wakajenga, sasa maji yaende wapi kama si chumbani kwako? Hata Nakivubo ni hivyo hivyo, kile kinamasi cha chini kinachuja uchafu wa jiji kabla haujaingia ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na maji ya bomba tunayokunywa Kampala mengi yanavutwa hapo hapo Gaba. Hakina benchi wala maua lakini kinatutibu wote, wa Kololo pia.

Kwa kazi yangu mimi naona upande mwingine. Mgonjwa wa presha au sukari naambiwa nimshauri atembee nusu saa kwa siku, nikimwambia mama wa mtaani ananicheka, atembee wapi, katikati ya boda na sigiri, majiko ya makaa, za chapati? Wazee ndio wanaumia zaidi, wanashinda chini ya mabati mchana kutwa na joto lile, kivuli hakuna, mtu wa kuongea naye hakuna. Lakini nisiwadanganye, mti wa nje hauondoi moshi wa sigiri ndani ya muzigo. Ukipika kwa makaa mlango umefungwa, hata wakuzungushie msitu wote wa Mabira utakohoa tu.

mzee_wa_vitabu
Nesi amesema. Niongeze kitu kimoja maana watu wanadhani hii habari ni hisia tu. Kule Philadelphia, Marekani, watafiti walichukua viwanja 541 vilivyotelekezwa, mitaa mingine maskini kabisa, wakavigawa kwa bahati nasibu: vingine wakasafisha wakapanda nyasi na miti michache na kauzio kafupi ka mbao, vingine wakaokota takataka tu, vingine wakaviacha. Matokeo yalitoka 2018. Watu wa karibu na vile vya nyasi waliosema wanajisikia huzuni nzito walipungua kama asilimia 41, na kwenye mitaa iliyo chini ya mstari wa umaskini zaidi ya asilimia 68. Pale palipookotwa takataka peke yake hakukuwa na badiliko la maana. Na boda sikiliza hii, kwenye mitaa hiyo hiyo maskini matukio ya risasi yalipungua karibu asilimia 29. Mwizi anapenda kichaka, hapendi nyasi zilizokatwa na wamama wamekaa wanaona kila anayepita.

Ndio Philadelphia si Namuwongo, najua. Wao hawana kipindupindu. Ila angalia ukubwa: vilikuwa viwanja vidogo tu vya mtaani, kama hicho chako, na viko karibu na mlango wa mtu. Bustani kubwa ya mjini ya kulipa getini inamsaidia nini mtu wa Soweto zone huko kwenu Namuwongo?

boda_wa_kalerwe
Haya mzee hapo kwa wezi umenishika kidogo. Lakini nani atafyeka hizo nyasi? Mwezi wa kwanza wote mnatoka na mapanga mnapiga picha, mwezi wa tatu ni jalala tena. Na pakipendeza landlodi anapandisha kodi, huyo aliyepanda miti anahamia Bwaise kwa maji.

dada_wa_kisenyi
Hilo la kodi ni kweli kabisa na watu hawalisemi. Msifanye urembo mwingi. Sisi tulianza na magunia ya dodo, yaani mchicha, na sukuma kandokando, kila mama na gunia lake, kwa hiyo uwanja unalindwa kwa sababu mboga za mtu ziko pale, na nyumbani kuna kitoweo. Mwembe msiukate, hicho kivuli kingine mtakingoja miaka. Kalitunsi, yaani mkaratusi, msipande, inanyonya maji na kivuli chake si kitu. Mfereji zibueni kabla ya kununua mche hata mmoja.

Lakini mpangaji mbona husemi, hiyo ardhi ni ya nani? Kama ni ya reli, lokapu na benchi vyote vitavunjwa siku moja.

mpangaji_namuwongo
Eh dada hapo ndio hakuna aliyeuliza kwenye kikao. Wengine wanasema reli, wengine eti kuna mtu ana kibanja, haki ya kukaa pale. Jumapili namuuliza mwenyekiti aonyeshe karatasi. Mfereji tunaanza Jumamosi hata kama lokapu zitashinda.