Mama amesahau lugha ya hapa, amebaki na Kiswahili tu

Kutoka: Binti Anayeuguza
Jumanne, saa 5:40 usiku

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine hamjambo.

Naandika usiku kwa sababu mchana nafasi haipatikani. Mama yangu ameishi ugenini zaidi ya miaka 30. Lugha ya hapa aliifanyia kazi, aligombana nayo na kucheka nayo, hata mimi alikuwa akinisahihisha. Mwaka juzi aligundulika ana ugonjwa wa Alzheimer. Tangu hapo maneno yanampotea moja moja, na yaliyotangulia kupotea ni ya lugha ya hapa.

Asubuhi wanakuja wahudumu kumwogesha. Wiki mbili hizi amebadilika ghafla, amekuwa mkali. Juzi alimpiga mhudumu mkononi. Nilikuwa chumba cha pili, nikamsikia akisema, "Unanivua nguo wewe nani? Funga mlango!" Mlango kweli ulikuwa wazi. Mhudumu hakuelewa hata neno moja. Kwenye daftari aliandika: mgonjwa anapiga kelele, amekataa kuoga. Niliposoma hayo nilikaa kwenye ngazi nikalia.

Nikiwa kazini, anayemtafsiria bibi yake ni mwanangu wa miaka 11. Wiki iliyopita daktari alipiga simu, mama akasema anaungua akienda haja ndogo. Mtoto aliona haya kulitamka neno hilo mbele ya mtu mzima, akajibu, "Bibi anasema hajambo." Ameniambia leo, analia, anadhani amemdhuru bibi.

Kaka zangu wananipigia kila Jumapili kuniagiza cha kufanya. Nimechoka ndugu zangu. Waliopitia haya, naombeni uzoefu wenu.


Kutoka: Zamu ya Usiku
Jumatano, saa 1:15 asubuhi

Pole sana mdogo wangu. Nimetoka zamu sasa hivi, nakujibu kabla sijalala.

La kwanza ni la leo hii, lisingoje: mpigie daktari umwambie mama anaungua akikojoa na tabia imebadilika ndani ya wiki mbili. Dimensia, yaani ugonjwa wa kusahau kama huo wa Alzheimer, huenda polepole, kwa miezi na miaka. Mzee akibadilika kwa siku chache, tafuta kitu kingine: maambukizi ya njia ya mkojo (UTI), choo kigumu, kukosa maji mwilini, dawa mpya, jino, hata mashine ya sikio iliyoisha betri. Watu wengi huona ukali wakasema ugonjwa umepanda daraja, kumbe mtu ana maumivu na hana namna ya kuyasema. Na mkumbuke kwamba kiu hupungua kadiri mtu anavyozeeka, kwa hiyo msisubiri aombe maji.

La pili, mtoto umpumzishe kwenye kazi hiyo. Hana kosa hata chembe, mwambie leo kwa mdomo wako na umkumbatie. Omba mkalimani. Hospitali nyingi zina mkalimani wa simu, lakini ukiomba siku ya miadi yenyewe utaambiwa hayupo. Omba unapopanga miadi, na waandike kwenye faili lake kwamba mgonjwa huyu anazungumza Kiswahili.

Hilo la lugha nimeliona tena na tena katika miaka 14 ya kazi hii ya kuhudumia wazee. Lugha ya ukubwani mara nyingi hutangulia kuondoka, ya utotoni hubaki. Tulikuwa na mzee mmoja aliyekaa kimya miezi, wote tukaamini hasemi. Usiku mmoja nilimgeuza kitandani nikasema "pole baba" bila kufikiri, maana ndivyo ninavyosema kwa mtu yeyote. Akafungua macho akaniuliza, "Umekuja lini?" Nilikaa naye mpaka alfajiri.

Kwa hiyo waandikie wahudumu karatasi. Maneno machache, yasizidi 12, yaandikwe kwa namna ambayo wao wakisoma yatatoka sawasawa: maji, choo, inauma, baridi, pole, nakuosha mkono, nakufunika. Ibandike pale anapoogea, kwa sababu ikikaa kwenye droo haina faida.

Na kuoga kwenyewe: waje kwa mbele, asishtuliwe kwa nyuma. Waanze kwa kumtia maji ya vuguvugu kiganjani, ayahisi kwanza. Taulo kubwa limfunike mwili mzima, wafunue sehemu moja, waoshe, wakaushe, wafunike, ndipo waende nyingine. Uso na nywele ziwe mwisho. Siku akikataa kabisa, waoshe panapohitajika tu, kichwa kingoje kesho. Mama yako hakukataa kuoga. Alikataa kuvuliwa nguo na mtu asiyemjua, mlango ukiwa wazi. Waombe waandike hivyo kwenye daftari.


Kutoka: Mjomba
Jumatano, saa 6:02 mchana

Mwanangu, mrudishe mama nyumbani. Kule kila mtu anasema Kiswahili.


Kutoka: Binti Anayeuguza
Jumatano, saa 6:30 mchana

Mjomba shikamoo. Nimelifikiria. Lakini hapa choo anakifikia hata gizani, mikono yake inakijua kitasa cha mlango. Nikimhamisha atapoteza na hicho. Na kule atauguzwa na nani? Wenye kumtaka arudi wengi, wa kumgeuza usiku sijamsikia.


Kutoka: Mkono wa Kushoto
Jumatano, saa 2:20 usiku

Mimi naandika kutoka upande wa pili, upande wa kitandani. Naandika kwa mkono mmoja, mnisamehe makosa.

Nilipata kiharusi miaka minne iliyopita. Miezi mitatu ya mwanzo sikuweza kutoa neno, la Kiswahili wala la lugha ya hapa, lakini kusikia nilisikia. Walizungumza juu yangu: "amekula?", "amepata choo?", "huyu analala sana." Mke wangu naye, Mungu ambariki, alianza kuwajibu kama vile sipo. Hakuna kitu kilichoniumiza kama hicho, hata ule mkono uliokufa.

Kulikuwa na muuguzi mmoja aliyeniuliza swali kisha akanyamaza, akaketi na kungoja. Wengine waliuliza na kujijibu wenyewe. Yule alingoja mpaka nikapata "ndi...", akangoja tena, nikapata "ndiyo." Dada, mwulize mama kitu kimoja, kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kurudia. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani, nao ndio anaouhitaji.

Mwachie pia jambo moja afanye mwenyewe. Mimi niliachiwa vifungo vya shati. Vilinichukua dakika 20, tukachelewa miadi mara mbili, lakini vilikuwa vyangu.

Na mgongo wako. Mke wangu alininyanyua kwa kunishika kwapani, akaumia kiuno, na bega langu bovu likateguka. Tulikuwa wagonjwa wawili ndani ya nyumba moja. Omba ufundishwe kumhamisha mtu, na uombe shuka la kutelezesha mgonjwa bila kumnyanyua. Usingoje uumie ndipo uombe.


Kutoka: Kaka wa Mbali
Alhamisi, saa 12:50 jioni

Nimesoma hapo juu habari ya kaka wanaopiga simu Jumapili. Mimi nilikuwa kaka huyo.

Dada yangu aliuguza baba yetu, mimi nikiwa nchi nyingine. Kila simu nilikuwa na shauri: mpe mazoezi, mbadilishie daktari, mbona amekonda. Siku moja alinijibu, "Njoo wiki tatu, mimi niondoke." Nilikwenda. Usiku wa pili baba aliamka mara tano. Asubuhi nilimpigia dada nikamwomba radhi, sikuwa na la kuongeza.

Niliporudi tuligawana upya. Barua zote na fomu zikawa zangu, nilizijaza nikiwa huku. Dawa zikikaribia kwisha, anayepiga simu ni mimi. Na kila asubuhi saa moja, wakati wa kuoga, dada aliweka simu kwenye spika juu ya kabati, nikazungumza na baba. Sauti tu, video hapana, mtu anaoga. Nilimwambia, "Baba, sasa wanakuosha mguu, niko hapa." Kwa kweli sikuwa hapo, lakini mkono wake ulilegea, dada alinieleza.

Waambie kaka zako waniandikie.


Kutoka: Binti Anayeuguza
Jumapili, wiki tatu baadaye

Ndugu zangu, nawashukuru mmoja mmoja.

Ilikuwa UTI kweli. Alipomaliza dawa, kelele zilipungua. Ukali wa asubuhi haujaisha wote. Ijumaa alimsukuma mhudumu tena, ila mara hii daftari limeandika: alisikia baridi, tukamfunika, akatulia. Nimelipiga picha ukurasa huo.

Mkalimani tulimpata kwa simu. Mama alimwambia daktari mambo ambayo hakuwahi kuniambia mimi, likiwemo goti lililomsumbua tangu mwaka jana. Nilidhani anakataa kutembea kwa sababu ya kusahau.

Kaka yangu mkubwa amechukua asubuhi za Jumatatu hadi Jumatano, yuko kwenye spika. Wa pili bado anatoa mashauri. Mwanangu sasa kazi yake ni moja, kumsomea bibi jioni, naye anajisomea kwa sauti kubwa mpaka jirani anasikia.

Mhudumu wa Alhamisi anasoma karatasi kama mtoto wa darasa la kwanza. Alisema "nakufuka." Mama, ambaye jina langu halijui tena, alimgeukia akamwambia, "Nakufunika. Sema nakufunika." Akarudia naye mpaka akaridhika, kisha akanyoosha mkono uoshwe.

Karatasi nimeiambatisha hapa kwa anayeihitaji. Maneno 12. Chini nimeacha nafasi, maana neno la "usiniache peke yangu" bado sijajua niliandikeje ili walisome sawasawa.